Haki ya Kumwona Violeth

Vitalis alivunjika mguu baada ya kuteleza kwenye ngazi za stoo yake ya mabegi, Kariakoo, muda mfupi kabla timu ya binti yake, Violeth, haijaingia nusu fainali ya netiboli ya shule za sekondari. Walikuwa wanaishi Mchafukoge, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani. Baba akawa mtu wa kitandani. Mkewe, Scholastika, ndiye aliyekuwa macho yake: kila Violeth alipocheza, mama alifunga duka mapema, akaenda uwanjani na kumrushia mumewe mechi laivu kwa simu. Wazazi wengine walipopata habari wakaomba nao waunganishwe. Bibi yake Violeth, aliyeko Masasi, akawa hakosi hata mechi moja.

Siku ya nusu fainali, kwenye uwanja wa shule moja ya Upanga, mpira ulikuwa ndiyo kwanza umeanza pale kijana mwenye kizibao cha njano alipomsogelea Scholastika. Alimwamkia kwa adabu, akajitambulisha kwa jina la Bryson, kisha akamwomba azime. Kampuni yake ilikuwa imenunua haki za kuonyesha mashindano yote, na mtu mwingine haruhusiwi kurusha.

Scholastika alidhani hajasikia vizuri.

"Yule mfungaji wetu ni mwanangu," alisema. "Nimemzaa mimi."

"Naelewa, mama. Mtoto ni wako. Mechi ndiyo siyo yako."

Scholastika alizima. Akampigia Vitalis, akamwambia amtafute Violeth kwenye chaneli ya hiyo kampuni. Vitalis akatafuta, akakuta wavulana wanacheza mpira wa miguu kwenye uwanja mwingine kabisa. Bryson alipoulizwa, alikiri kwamba netiboli haikuwa kwenye ratiba ya kuonyeshwa. Pale palikuwa na kamera moja tu, ya kuchukua vipande vya habari.

"Sasa mmeinunua ili isionekane?"

Bryson alisema yeye ametumwa tu.

Scholastika akamwendea Mwalimu Kitwana, mwalimu wa michezo. Mwalimu alikuwa ameusikia mkataba huo kikaoni, na alichoelewa ni kwamba watoto sasa wataonekana zaidi. Akamwelekeza kwa kiongozi wa mashindano, aliyekuwa ameketi meza kuu. Kiongozi akamwelekeza kwa kampuni. Kampuni ilikuwa ni dada mmoja anaitwa Rinkal, chini ya turubai, kompyuta mapajani. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alisema mkataba unataja mechi zote, zinazoonyeshwa na zisizoonyeshwa.

"Kwa nini na zisizoonyeshwa?"

"Hilo, dada yangu, hata mimi sijaambiwa."

Muda wote huo Scholastika alikuwa ameupa uwanja kisogo. Watu walishangilia nyuma yake, asijue wanamshangilia nani. Ndipo alipoamua kumpigia tena mumewe, simu ya kawaida isiyo na picha, na kumsimulia anachokiona. Sheria za netiboli hakuzijua vizuri.

"Kapewa mpira. Karusha, umeingia! Hapana, ngoja, wamepiga filimbi. Sijui kwa nini."

Vitalis aliweka spika. Jirani wa ghorofa ya tatu aitwaye Ila, aliyekuwa amempandishia chai, akabaki kusikiliza, na kila filimbi ilipopigwa wakabishana ni kosa gani. Bryson akarudi, safari hii akiwa hana uhakika. Alitaka kujua kama sauti nayo imenunuliwa. Akaenda kumuuliza Rinkal, Rinkal akapiga simu mahali, na mpaka mechi inakwisha hakuna aliyemletea Scholastika jibu.

Filimbi ya mwisho ilipolia, alimtangazia mumewe kuwa wameshinda. Akasikia Ila akipiga makofi. Kisha akamwona Violeth anatoka uwanjani akilia, na wenzake wamemshika mabega. Magoli yaliyoingia wakati yeye yuko turubaini hakuwa ameyahesabu. Walikuwa wamefungwa kwa goli moja.

Violeth alijifuta uso kwa jezi.

"Baba ameniona?"

Scholastika alitafuta namna ya kumweleza, akaanzia kwa Bryson, akarudi kwa kiongozi, akajichanganya mwenyewe.

"Amekusikia," alisema mwishowe.

Violeth hakuelewa.

Wiki iliyofuata kampuni ilionyesha kipande kifupi cha mechi ile, na Vitalis akawaita wote chumbani. Violeth alipita mara moja tu, akionekana mgongo. Aliyeonekana vizuri ni Scholastika, simu sikioni, mkono hewani, akishangilia goli ambalo mwamuzi alilikataa. Violeth alicheka mpaka akakaa chini. Mama alijikalia ukingoni mwa kitanda, asijue acheke naye au avae viatu aende kuwauliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kumwonyesha yeye.