Majirani wa Mama Adolphine

Mama Adolphine aliingia ofisini kwa Dominique akiwa na unga hadi kwenye nyusi, na alipokaribishwa kiti alikikataa.

"Domi, nionyeshe parcelle yangu."

Dominique alijua kwamba ulimi wake ndio uliomponza. Miaka miwili nyuma, alipokuwa akimshawishi mwoka keki huyu wa Ruashi afungue tovuti ya kupokelea oda, alihangaika kumweleza maana ya kukodi nafasi kwenye seva, akashindwa. Akakata njia: tovuti ni nyumba, na nafasi ni parcelle, kiwanja chako mwenyewe, tena kisicho na kikomo. Mama akaelewa papo hapo, akatia sahihi, naye Dominique akarudi nyumbani akijipongeza.

Sasa Jumamosi mbili mfululizo, siku za harusi, wateja walifungua tovuti ya keki wakakuta ukurasa mweupe. Walikwisha kuanza kusema kwamba Mama Adolphine amefunga kazi.

Dominique alimpeleka chumba cha nyuma. Sanduku moja jeusi, seva yenyewe, lilikuwa likinguruma pale, betri pembeni.

"Ni hii tu?"

"Ni hii, mama."

"Na humu ndani tuko bangapi?"

Angeweza kudanganya, maana maneno matamu hayakumpiga chenga hata siku moja. Kazi yake yote ilisimama juu ya imani kwamba watu hawatakuja kwa pamoja. Tovuti nyingi zililala tu, naye aliuza nafasi ileile, akaiuza tena, akitegemea usingizi wa watu. Lakini Jumamosi mji mzima huwa macho: maharusi, kwaya, wapiga picha, wakodisha viti. Alitazama ule unga kwenye nyusi, akaona haya kwelikweli.

"Mia tatu na kumi na mbili," alisema. "Inaweza kubeba makumi ine, arobaini tu, kwa mara moja."

Alijikaza kupokea matusi. Badala yake mama alicheka mpaka akashika mlango.

"Domi! Parcelle moja, bantu mia tatu! Hata kule kwetu Ruashi, bale bezi ba parcelle banauzishaka kwa bantu babili, batatu!" Kisha akakaza uso. "Parcelle ikiuzishwa mara mbili, benye makaratasi banakutanaka palepale. Leta majina yabo."

Dominique aliwaita wateja wake wote, na Alhamisi mchana walikuja ofisini watu hamsini na kitu, wengine wamebeba viti vyao. Dominique alisimama mbele yao. Wakiondoka hawa, hakuwa na kazi nyingine duniani. Aliwaeleza yote bila kuficha, akaomba radhi. Miaka yote hiyo aliwajua kwa majina ya tovuti. Leo waligeuka kuwa watu wenye jasho, watoto mgongoni na hasira.

"Kumbe ni weye unanibaniaka kila Jumamosi!" Mama Adolphine alimfokea Papa Ephraïm, kiongozi wa kwaya, aliyekuwa akipakia video za nyimbo siku hiyohiyo.

"Miye sikujua, mama! Nilizani niko peke yangu."

Kicheko kilizuka, na baada ya hapo mazungumzo yakawa ya kijirani. Kwaya ingepakia video Jumatatu. Waliokuwa na tovuti zilizolala wangezifunga. Dominique angetafuta mashine ya pili, na kabla ya hapo asimwingize mtu mwingine yeyote.

"Na muntu mupya akikuya?" Papa Ephraïm aliuliza.

Kabla Dominique hajajibu, simu ya ofisi ililia. Mama Adolphine alimwamuru kwa kidole aifungulie sauti wote wasikie.

"Bonjour, miye Lydie, fundi wa nguo, niko Kasapa. Banasema kwenu nafasi haiishake. Natafuta ya site yangu ya internet."

Midomo ya Dominique ilikwisha kujipanga kwa jibu lake la siku zote, lile tamu. Akaliacha.

"Hapana, mama. Imejaa."

Hakuwahi kulitamka neno hilo tangu aanze kazi. Lilitoka dogo.

"Imejaa kweli?"

"Kweli kabisa."

"Ah! Kama bantu banajaa, basi ndio pazuri. Andika jina yangu, nitangoya."

Kicheko kilitaka kupasua bati. Dominique alipapasa meza akitafuta kalamu, na alipoinua macho, Mama Adolphine alikuwa tayari anasogeza kiti chake upande, akimsukuma Papa Ephraïm naye asogee, kama vile Lydie keshafika mlangoni.