Mshiriki Namba 041

Kavindu alikunja mkono wa sweta kabla hajaambiwa. Kazi hii aliijua. Miaka mitatu iliyopita aliketi papa hapa, katika chumba cha Sunday school cha kanisa moja la Kiboko, Makueni, akatolewa damu chupa mbili na kupewa sukari na leso ya mradi wa utafiti.

"Daktari Mwongeli, umekonda," alisema akicheka. "Ama ni hiyo kusoma damu ya watu?"

Mwongeli alitabasamu kwa shida. Alikuwa mwanasayansi wa jeni, chembe zinazobeba urithi. Kwa miaka kumi na miwili alizunguka Kitui na Makueni, akianzia Tseikuru na magonjwa adimu ya watoto, hadi akafikia saratani inayorithiwa katika familia. Kazi hiyo ilimpa jina, na uprofesa ulikuwa mlangoni. Ilimpa na siri pia. Mama yake Kavindu na dada zake wawili walikufa kwa saratani ya matiti, na tangu mwaka juzi Mwongeli alijua kwamba Kavindu, mshiriki namba 041, alibeba jeni ile ile mbovu. Hakumwambia. Fomu ya mradi ilisema damu ni ya utafiti tu, majibu harudishiwi mtu.

"Umekuwa na shida yoyote, Mama Yvonne?"

"Kuna kauvimbe hapa." Kavindu aligusa titi la kushoto bila wasiwasi. "Kako tangu Januari. Lakini sikujali. Si nyinyi mlinipima? Mngeona kitu mngenipigia simu. Hata nilitoa ushuhuda hapa kanisani, watu wakapiga makofi."

Mwongeli aliweka kalamu chini. Watu wa huku walizoeshwa hivyo na kila aliyewahi kuwatoa damu: ukiona kimya, uko sawa. Mradi ulilijua hilo vizuri sana, na ukanyamaza.

Alitoka nje. Daktari Musyimi, msimamizi wa mradi, alikuwa barazani akifunga maboksi ya barafu.

"041 ana uvimbe. Namwambia."

"Mwambie aende hospitali aangaliwe. Jeni usitaje."

"Wataona bado ni kijana, wamwambie ni maziwa tu yameganda, arudi baada ya miezi sita. Wakijua anabeba nini watamharakisha."

"Ukiambia mmoja, kesho wamekuja wote mia tatu. Utawapeleka wapi? Hicho kipimo cha jeni kiko wapi hapa kaunti? Wafadhili watafunga mradi, na wewe utarudi kufundisha first year." Akashusha sauti. "Mwongeli, sisi si hospitali."

"Damu tulichukua kama hospitali."

Musyimi aliangalia saa, akaendelea kufunga boksi.

Mwongeli alirudi ndani, akafunga mlango, akamwambia Kavindu yote kwa sauti ya chini. Kavindu hakulia.

"Mlijua lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi haka kauvimbe hakakuwepo." Aligusa tena titi lile. "Na binti yangu Yvonne?"

"Anaweza kuwa nayo. Sijui."

"Nipe karatasi niende nayo hospitali Makindu. Sasa hivi."

"Siruhusiwi kuandika, Mama Yvonne."

Kavindu alimtazama jinsi mtu anavyomtazama jirani aliyekutwa na kuku wake. "Basi niambie jina la hiyo jeni. Polepole."

Mwongeli akataja herufi nne na namba. Kavindu akazirudia mara tatu, midomo ikicheza. Musyimi alipobisha kuuliza kama wamemaliza, Kavindu mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono juu ya meza.

"Chukua," alisema. "Si ndiyo mliyoijia?"

Mwongeli akachukua. Sindano iliingia mara moja tu. Mkono wake ulikuwa na mazoezi.

Dirisha lilikuwa wazi. Alimwona Kavindu akipita kati ya wanawake waliongoja zamu kwenye mabenchi, mikono ya nguo imekunjwa tayari. Alipofika langoni akasimama, akageuka.

"Daktari!" aliita. "Namba ya mwisho ni moja ama ni mbili?"

Wanawake wote waligeuka kulitazama dirisha. Musyimi naye aligeuka, boksi likiwa mikononi.

Mwongeli aliinama, akaanza kubandika namba kwenye chupa.

Kavindu alingoja kidogo. Kisha akashika barabara ya Makindu, akizitaja namba zote mbili.