Nati ya Fimbo ya Ludovick

Mume wangu Ludovick alikuwa akienda Tanga kuvua samaki ufukweni, mimi nikibaki Arusha, mtaa wa Sokon One, na watoto. Akirudi, kabla hata ya kutusalimia, ananikabidhi fimbo ya kuvulia niioshe, hasa pale inapofungwa mashine ya kukunjia mshipi. Nati ya kuikaza mashine hiyo alichagua ya chuma. Ya plastiki, alisema, haimfai mtu anayerusha ndoana mbali kwenye mawimbi.

Siku moja nilisahau. Chumvi ikaila nati, ikagoma kabisa. Ludovick akanikalisha chini uani, akavuta kiti, akasema, "Fungua kwa mkono. Sina haraka." Nilihangaika nayo mpaka kiganja kikachanika. Yeye alikuwa anakunywa chai.

Mwaka huu amepata kiharusi. Mkono wa kulia umebaki na nguvu kidogo tu, na mtaalamu wa mazoezi ameagiza vidole vipewe kazi kila siku. Nikaishusha ile fimbo darini. Bahari iko mbali na Arusha, lakini chumvi ninayo jikoni. Nilikaza nati, nikailoweka wiki nzima, nikaianika juani mpaka ikashika kama imechomelewa.

Leo Mama Sumari wa kanisani amenikuta nikimwekea fimbo mapajani.

"Una mke, Baba Princess," akamwambia. "Mwingine angeshakukimbia."

Ludovick alinitazama, machozi yakimtoka. Nikamsindikiza mgeni hadi getini, nikarudi, nikavuta kiti, nikajimiminia chai.

"Fungua," nikamwambia. "Sina haraka."