Chumvi Ndani ya Rili

Maurice alizaliwa Homa Bay, akavua mbuta ziwani utotoni, basi akaja Doha akajiita mvuvi. Mvuvi! Ziwa halina chumvi, na maji anayovulia ndiyo hayo hayo anayokunywa. Mimi Fabian, mtu wa pwani, Takaungu, nilimsikiliza kila jioni chumbani kwetu Industrial Area akijipiga kifua, nikajisemea kweli debe tupu haliachi kuvuma.

Sote wawili tulikuwa walinzi wa lango moja pale The Pearl, saa kumi na mbili kwa siku, jua linakukaanga mpaka ndani ya soksi. Ndipo Bwana Khalid, mkazi wa pale mwenye boti, akatuambia anatafuta mtu wa kwenda naye baharini. Mmoja tu. Visa angeihamisha mwenyewe, na chumba kipo Wakrah, karibu na bandari. Alikuwa amesikia tunavua kila Ijumaa. Akatupa mwezi mmoja tujiandae, kisha atatutoa tukavue chewa, wao wanamwita hamuri, aone nani anafaa. Niliitaka kazi ile mpaka chakula kikawa hakishuki.

Lakini huyu mwenzangu, jamani! Akaenda kununua fimbo ndefu, rili inayong'aa ya kukunjia mshipi, na kamba wa plastiki mwenye macho mekundu. Kamba gani huyo? Chewa hana haja na urembo. Chewa anakaa shimoni kwenye mwamba. Unamshushia ngisi mbichi mpaka chini kabisa, na akiuma tu unamvuta papo hapo. Ukimpa nafasi anarudi shimoni, na hapo umeshampoteza. Mimi natumia mshipi wa mkono, ndoano moja na chubwi la kuizamisha, basi. Kidole kinasikia kila kitu.

Kila Ijumaa tulivua ufukweni Wakrah. Tukirudi, mimi naosha vifaa vyangu bafuni kwa maji matamu. Maurice anaikung'uta rili yake mara mbili, anaifuta kwa fulana, anaisukuma chini ya kitanda. Ndivyo wanavyofanya kwao, maji ya ziwa hayali chuma. Wiki ya pili nikaona unga mweupe kwenye mkono wa rili. Wiki ya tatu ilikuwa inalia ikizungushwa.

"Itazoea tu, bro," akasema.

Nikageukia ukutani nikacheka mpaka kitanda kikatikisika. Si kasema yeye ni mvuvi? Mvuvi hafundishwi.

Siku ikafika. Bwana Khalid akatia nanga juu ya miamba, akakaa na kikombe chake cha kahawa. Mimi nikapata samaki wawili wa saizi ya kiganja, wa kukaanga tu. Maurice alikuwa ameacha ule upuuzi wa plastiki, ameweka ngisi, yaani kaniiga. Mara kitu kizito kikauma. Fimbo ikapinda, akashika mkono wa rili azungushe, wapi! Imeganda. Akaipiga ngumi, akamwita Mungu kwa Kijaluo, haikusogea.

Basi akaibwaga fimbo, akaushika mshipi kwa mikono mitupu. Ufundi hana, anavuta tu kama mtu anayevuta ng'ombe mkaidi. Mshipi ukamchana viganja, damu ikatiririka mpaka kwenye viwiko, naye haachii. Chewa akatoka. Alikuwa mkubwa, na sitaki kusema mkubwa kiasi gani.

Nikamwona Bwana Khalid anatabasamu, nikashindwa kuvumilia. Huyu ndiye wa kusifiwa? Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha getini, huku nacheka: "Mudir, huyu si mvuvi! Rili yake imeliwa na chumvi. Mwezi mzima naiona inaoza chini ya kitanda, hata kuiosha hajui!"

Bwana Khalid akaweka kikombe chini. "Umeiona mwezi mzima?"

"Naam, kila Ijumaa."

"Na mnalala chumba kimoja?"

"Kimoja, mudir."

Akaitazama mikono ya Maurice. "Kuosha rili nitamfundisha kwa dakika tano," akasema. "Huku baharini tutakuwa watu wawili tu. Siku boti yangu ikianza kuvuja, wewe utaniambia lini?"

Akainuka kumtafutia Maurice kitambaa cha kufunga mikono.

Maurice alihama mara tu visa ilipokubaliwa. Mpaka leo hajui kufunga ndoano vizuri, na hilo nataka lijulikane. Siku ya kuhama nilikuwa nimejilaza na yunifomu yangu, nangoja basi la kampuni. Alifika mlangoni na begi lake, akasimama. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Fabi," akasema, "kwani nilikukosea nini?"

Nikamwambia afunge mlango, baridi ya AC inatoka.