Nadhiri ya Seremala

"Unanipima kwa macho," mama yake alisema kutoka kitandani. "Lete futi basi, tumalizane."

Seremala akatazama pembeni. Kweli alikuwa akimpima. Miaka ishirini ya kutengeneza majeneza haifutiki kwa miaka minne ya vitanda na makabati.

"Mama, unajua kazi hiyo siigusi tena."

Alijua, na mtaa mzima ulijua. Binti yake, Kijiti, alipokuwa hoi kwa homa ya mapafu, seremala alipiga magoti kwenye maranda ya karakana yake akamwambia Mungu: niachie huyu, nami sitapigilia jeneza hata moja hadi nife. Kesho yake mtoto aliomba maji. Ndilo lilikuwa agano lao, na tangu hapo wafiwa wote aliwaelekeza kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

"Yule na mbao zake mbichi?" mama alisema. "Kifuniko kitapinda nianze kuwachungulia waombolezaji." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamshika mkono. "Mungu alikubali masharti yako lini, mwanangu? Ulimsikia?"

"Mtoto si alipona, mama."

"Mimi pia nilikuwa namwombea, chumba cha pili. Sikumwekea sharti lolote."

Alifariki Alhamisi, kabla ya saa sita mchana.

Seremala alijifungia karakanani. Alijaribu kusali, maneno yakagoma. Aliogopa. Kama Mungu ni yule wa mama yake, hakuna neno. Lakini kama ni yule aliyepatana naye pale kwenye maranda, je?

Akashusha ubao mkavu aliouhifadhi miaka mitatu bila kujiambia ni wa nini.

"Nisamehe," alisema, na hakujua anamwomba nani, Mungu au mama. Akasukuma randa.

Uani, Kijiti, aliyeambiwa akacheze watu wazima wapange mazishi, alikuwa akiruka kamba na kuhesabu kwa sauti. Seremala alisukuma, akasikiliza. Akasukuma, akasikiliza. Arobaini na moja. Arobaini na mbili.

Kamba ikanyamaza.

Alisimama, randa katikati ya ubao, ukanda mmoja mrefu wa maranda ukining'inia bila kukatika, akingoja arobaini na tatu.