Argia wa Juu ya Lango

Argia Bonfanti alizaliwa katika chumba kilicho juu ya Lango la San Savino, na sisi wa mji wa Roccalveta tulizoea kumwona dirishani. Baba yake alikuwa bawabu wa mwisho. Ndiye aliyefunga milango jua likizama, na ndiye aliyewatoza wakulima ushuru wa mayai na divai kabla hawajaingia mjini. Ushuru ukafutwa, baba akafa, milango ikapasuliwa kuni wakati wa vita. Argia akabaki. Kila asubuhi aliteremsha kikapu kwa kamba, muuza maziwa akamtilia chupa.

"Argia, utashuka lini uolewe?" wapita njia walimtania.

"Mlete mwanamume mwenye ngazi ndefu!"

Kisha malori yakaanza kukwama langoni. Halmashauri ikaamua kubomoa ukuta wa mji upande wa chini, barabara mpya ipite huko. Fundi aliyepewa kazi ni Duilio, mdogo wake Argia.

"Unaubomoa ukuta alioulinda baba!" alimfokea kutoka dirishani.

"Dada, nina watoto wa kulisha. Hama huko juu, uje ukae kwetu."

"Nipite kwenye hilo tobo lako? Thubutu!"

Duilio alicheka, akidhani ni hasira za siku mbili. Zikawa miaka. Watu wote sasa walipita barabara mpya, muuza maziwa naye. Majani yakaota kati ya mawe chini ya lango, na Argia akawa anaweza kumaliza wiki bila kusikia jina lake.

Majira ya baridi, Duilio akafa kwa ugonjwa wa mapafu. Binti yake, Loredana, alikuja kumwarifu.

"Shangazi, baba hatunaye. Mazishi ni kesho."

Argia hakwenda kanisani. Tangu zamani, maiti wa mji huu walipitishwa Lango la San Savino kwenda makaburini, nao walio juu huwaona wakipita. Alifagia chini ya lango, akavaa nguo nyeusi, akakaa dirishani. Kengele zikalia. Zikanyamaza. Hakuna aliyetokea.

Alipokumbuka kwamba siku hizi jeneza hubebwa kwa gari kupitia barabara mpya, alishuka ngazi mbio. Njia ya mkato ilikuwa lile tobo. Akapita.

Makaburini, mchimbaji alikuwa anasawazisha udongo. Loredana peke yake ndiye aliyebaki.

"Shangazi! Tumekutafuta kanisa zima."

"Nilikuwa namngoja langoni."

"Jamani, shangazi, nani anapita huko siku hizi?"

Argia alipiga magoti, akauweka mkono wake juu ya udongo uliokuwa bado na unyevu. Alikaa hivyo mpaka Loredana akaanza kutetemeka kwa baridi.

"Twende nyumbani unywe supu, shangazi."

"Siku nyingine, mwanangu."

Alikwenda kwao siku ya Pasaka. Walimkalisha kwenye kiti cha Duilio, watoto wakamkodolea macho kama mgeni. Alikula kidogo, akashukuru, akaondoka kabla kahawa haijaiva.