Mlango Haujaharibika

Bosi wetu alipata kitabu cha kutajirika, na sisi tukapata shida. Sisemi kwa uchungu. Au tuseme nasema kwa uchungu, kwa sababu ninao, na sioni sababu ya kuuficha.

Kilikuwa kitabu cha zamani, kilichotafsiriwa kutoka lugha ya watu wa mbali, cha aina ile inayopangwa chini kando ya barabara pamoja na soksi na miwani. Alikisoma mara ya kwanza akakosa usingizi. Alikisoma mara ya pili akatutolea nakala, kila mfanyakazi na yake, akatugawia tulipokuwa tunavua aproni. Bekari yake ilikuwa inayumba. Duka kubwa la kona lilikuwa limeanza kuoka mikate yake lenyewe, na wateja wetu wa miaka nenda miaka rudi walikuwa wanapita mbele yetu wakijifanya wanaangalia simu. Mtu akifikishwa hapo hukamata chochote kilicho karibu. Hilo nalielewa.

Kitabu kilisema umaskini huanzia kinywani. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla unga haujamwagwa kwenye mashine ya kukandia, tulisimama duara na kutamka, mmoja baada ya mwingine: "Mimi ni tajiri. Fedha inanitafuta." Nilikuwa natamka nikiwa nimevaa kandambili zilizoshonwa kwa uzi wa gunia, na fedha, kama kweli ilikuwa inanitafuta, basi ilikuwa imeelekezwa nyumba ya jirani. Neno baya lilikuwa marufuku. Ukisema "hasara" au "imeharibika", bosi alipaza sauti, "Futa!" na wote tulipaswa kupangusa hewa kwa kiganja, kama anayefuta masizi kwenye kioo. Tukambatiza Bosi Tamka. Hakukasirika. Alidhani tunamsifu.

Si kwamba kitabu kizima kilikuwa upuuzi. Weka akiba kabla hujaanza kutumia, kinasema. Kweli. Aliyefanikiwa usimwonee kijicho, muulize alifanyaje. Kweli pia. Lakini mama yetu alitufundisha hayo huku akikunja nguo, wala hakutuuzia. Halafu nikafika pale kinaposema matajiri huamka mapema, nikakifunga. Kama kuamka mapema kunatajirisha, waoka mikate wote duniani tungekuwa tunaishi ghorofani. Mwandishi alikuwa bado anakoroma wakati mimi nimeshapima hamira.

Sasa nije kwenye tanuri. Lilikuwa la matofali, na mlango wake ulikuwa wa chuma kizito, ulioshikwa pembeni na bawaba mbili. Ya juu ilikatika. Tangu hapo mlango ulining'inia kwa ya chini peke yake, na ukiufungua bila kuutegemeza unakuangukia, ukiwa moto vile vile. Mwoka mikate wetu wa siku zote, mtu mzima mwenye mabega kama kabati, aliuzuia kwa bega alilolifunga gunia lililoloweshwa maji, huku akisukuma trei kwa mkono wa pili. Ilikuwa kazi ndogo tu ya fundi wa kuchomelea, siku ambayo tanuri limepoa. Hakuna asiyelijua hilo. Lakini nani aliseme?

Nilisema mimi, tena katikati ya duara.

"Bosi, bawaba ya mlango imekatika."

"Futa!"

Wakafuta. Mdogo wangu naye akafuta, tena kwa mikono miwili.

"Bosi, mimi sizungumzii riziki. Nazungumzia chuma."

"Dada," akaniambia kwa upole, maana hakuwa mtu mkali, "ukisema imekatika, unaikata mara ya pili. Tamka unachotaka kukiona."

Mwoka mikate, ambaye alitaka tu kazi ianze, akakohoa. "Mlango unazidi kuimarika, bosi."

"Mmemsikia? Hivyo ndivyo mtu anavyozungumza!"

Basi mlango ukazidi kuimarika, hadi ile bawaba ya chini nayo ikaanza kupinda.

Mdogo wangu tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa kwetu. Mama alipofariki aliniachia yeye na cherehani, na cherehani tulishaiuza. Nilimwingiza bekari mimi mwenyewe, nikamwombea meza ya kufungia mikate, mbali na moto na mbali na mashine, makusudi kabisa. Na huko ndiko kitabu kilikompata. Alikisoma hadi kurasa zikalainika. Alikuwa anafunga mkate huku midomo inacheza. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuambiwa na mtu yeyote kwamba anaweza kuwa kitu kikubwa. Mimi nilikuwa namwambia awe mwangalifu, na hilo, ukilisikia kila siku, halina utamu.

Kisha mke wa mwoka mikate akaugua, na mzee akaomba ruhusa kwenda kumuuguza. Bosi akauliza kwenye duara nani atashika tanuri. Watu wazima wote wakaanza kuangalia vidole vya miguu yao. Kitinda akatoka mbele.

"Kitinda, rudi hapa," nikasema.

"Dada, kitabu kinasema ukingoja uwe tayari utazeeka unangoja."

"Kitabu kimewahi kuuona huo mlango?"

"Unaona sasa? Ndiyo maana hatuendi mbele. Kwako kila kitu ni hofu."

"Mwache mdogo wako akue," bosi akasema, na watu wakapiga makofi.

Ningefanya nini? Nilimfundisha kuloweka gunia, nikamfundisha kusimama upande, asisimame mbele kabisa. Siku za mwanzo aliweza, na kila akiweza alinigeukia akicheka, na mimi nilikuwa narudisha pumzi. Halafu asubuhi moja, mashine ya kukandia ikiwa inanguruma mbele yangu, nikasikia chuma kikigonga sakafu, na baada yake sauti ambayo sikujua kama ni ya mdogo wangu mpaka nilipomwona. Bawaba ya chini ilikuwa imeachia. Ukingo wa mlango ulikuwa umemlalia mkononi, kuanzia kiwiko hadi kifundo.

Bosi alimbeba mwenyewe hadi kwenye gari la mikate, akaendesha akipiga honi njia nzima, akagharimia kila kitu hospitalini. Nilimkuta kwenye benchi la korido analia kama mtoto. Yaani mtu huyo hata kumchukia vizuri nilishindwa. Jioni alikuja nyumbani kumjulia hali, na alipoondoka nikakuta amemwachia kitabu chake mwenyewe, kile chenye jalada gumu, kilichopigiwa mistari kwa wino mwekundu. Kule bekari, mlango ukarudishwa mahali pake kwa waya. Ndiyo, kwa waya.

Nilisubiri Kitinda apate nafuu ya kuzungumza. Nilikuwa na uhakika kwamba maumivu yameshafanya kazi ambayo maneno yangu yalishindwa.

"Hutarudi tena pale tanurini," nikamwambia. "Hilo limekwisha."

"Bandeji ikitoka narudi," akasema. "Dada, kosa lilikuwa langu."

"Kosa la nani?"

"Langu. Nilipokuwa naufungua, nilifikiria kwamba utaniangukia. Nilifikiria kabisa, nikauona. Kitabu kinasema unachokiogopa unakiita."

Nilitoka nje nikasimama uani, kwa sababu ningebaki ndani ningevunja kitu.

Watu wanapenda kubishana kama vitabu hivi vinafanya kazi. Mimi nimeshaona vinavyofanya kazi. Ukifanikiwa, ni kitabu. Ukiungua, ni wewe. Nitajieni biashara nyingine yenye raha kama hiyo. Mimi nikimuuzia mteja mkate mbichi, anarudi kunitupia mezani, nami naurudisha tanurini au namrudishia pesa yake. Sithubutu kumwambia kwamba hakutafuna kwa imani.

Nilimwomba, nikamfokea, nikamnunia. Nikamtuma shangazi aende akazungumze naye. Shangazi akarudi na nakala ya kitabu, ananiuliza kama nimefika kwenye ukurasa wa ndoto. Bandeji ikatoka. Ngozi ya mkono ilikuwa nyororo na ya rangi ya waridi, haiwezi kuvumilia hata maji ya uvuguvugu, na mwenye mkono anapiga pasi aproni yake akijiandaa kwa Jumatatu. Nikaona kwamba huyu sitamwondoa mbele ya ule mlango. Kilichobaki ni kuushughulikia mlango wenyewe.

Ufunguo wa bekari ninao, kwa kuwa mimi ndiye ninayefungua asubuhi. Jumapili, tanuri likiwa limepoa, nikamleta fundi wa kuchomelea. Alikata waya, mlango ukamponyoka nusura umvunje mguu.

"Huu haujaua mtu?" akauliza.

"Bado."

"Na mlikuwa mnasubiri nini?"

"Tulikuwa tunatamka."

Aliniangalia, akavaa miwani yake nyeusi bila kuuliza zaidi. Akaweka bawaba mbili mpya, nene kuliko za zamani, akaongeza ya tatu katikati kwa hiari yake, akachomelea na komeo la kuuzuia mlango ukiwa wazi. Nilimlipa kwa fedha niliyokuwa nadunduliza ya godoro. Nilikuwa nimeiweka kando kabla ya kuanza kutumia, kama kitabu kinavyosema, na msinicheke.

Jumatatu, kabla hata hatujasimama duara, bosi akapitia tanurini. Akashika mpini. Mlango ukafunguka kwa kidole, kimya, ukasimama pale pale alipouacha. Akaufunga. Akaufungua tena. Alipotugeukia macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Mmeona?" akasema. "Wapendwa, mmeona? Tulitamka!"

Watu wakapiga vigelegele. Nikajipenyeza katikati.

"Bosi, ni fundi. Fundi wa kuchomelea, yule wa nyuma ya kituo cha mafuta. Nilimwita mimi jana, nikamlipa mimi. Ziangalieni bawaba, bado zinanuka moto."

Vigelegele vikakatika. Nikadhani nimeshinda. Bosi akanitazama kwa upendo mtupu.

"Na nani alikutia wazo la kumwita?"

"Hakuna mtu. Niliona mdogo wangu ameungua!"

"Siku ya mapumziko, dada. Ungeweza kulala. Kitu kikakuinua kitandani, kikakutoa nyumbani, kikakupeleka mpaka kwa fundi. Hela yenyewe uliitoa wapi?"

Kitinda akajibu kwa niaba yangu.

"Alikuwa anaweka akiba! Dada alikuwa anaweka akiba kama kitabu kinavyosema!"

Makofi yakaanza upya. Bosi alikuwa ameinua mikono juu. "Hivyo ndivyo inavyofanya kazi! Neno linatoka hapa, linapita kwa mtu, linarudi likiwa mlango!" Nikatafuta la kusema. Ningeeleza habari za chuma na moto, wangefuta. Ningenyamaza, wangesema nimekubali. Na fedha yangu haikutajwa tena, kwa sababu hakuna anayelipia muujiza.

Kitinda alikuwa ameshafika mbele ya tanuri. Aliufungua mlango kwa mkono ule ule ulioungua, akarudi nyuma hatua moja, akangoja. Mlango haukutikisika. Mabega yake, ambayo yalikuwa yamepanda hadi masikioni, yakashuka. Alikuwa salama. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka tangu siku ya kwanza, na lilikuwa limetimia, na mtoto wa mama yangu akanigeukia uso unang'aa.

"Umeona sasa, dada? Safari hii sikuogopa. Nilijua kabisa hautaanguka."

"Nimeona," nikamwambia.

Nikahisi machozi yananijia, machozi ya hasira tupu, hasira ya mtu aliyenyang'anywa kitu ambacho hawezi hata kukidai. Nikageuka niyapanguse kwa upindo wa aproni kabla hawajaniona. Waliniona. Bosi akaja akaniwekea mkono begani, akanigonga-gonga taratibu, akawaonyesha wenzangu ishara wanyamaze.

"Mwacheni alie," akawaambia. "Ameamini."